Njia ya Materuni ni rahisi, ila muulize aliyekwisha kurudi

SWALI: Shikamoo mzee. Naishi Dar, mume wangu ni mtu wa Kibosho, na Desemba hii tunapanda Moshi familia nzima kwa Krismasi. Mama yangu mzazi ana miaka 66, hajawahi kufika Kilimanjaro, na ana hamu kubwa ya kuona maporomoko ya maji. Goti lake la kulia linamsumbua, ingawa sokoni anakwenda na kurudi mwenyewe. Watoto ni wawili, mmoja ana miaka 10, mwingine 6. Nimeambiwa njia ya Materuni ni rahisi. Mume wangu naye anasema "ni hapo tu", lakini "hapo tu" ya Mchaga mimi siiamini. Je, ni rahisi kweli? Watoto wanaweza kuogelea? Na huyu mkubwa anauliza: barafu ya mlima ikiisha, maporomoko yatakauka?

JIBU: Marahaba mwanangu. Mama msalimie sana.

Nianze na mumeo, maana hajakudanganya. Kwetu "hapo tu" ni kipimo cha mtu aliyezaliwa kwenye mteremko. Mara ngapi nimekuwa na wageni wenye viatu vya bei mbaya, wamesimama kushika kiuno, mara anatokea bibi mwenye mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, kanga imekazwa kiunoni, miguuni yeboyebo. Anatusalimu, anatupita, anapotelea kwenye kona hata hatujamaliza kuitikia. Huyo ukimuuliza kama njia ni ngumu, atakutazama wewe kwa huruma. Kwa hiyo usimuulize yeye, wala mumeo.

Na usimuulize aliyesimama mbele ya maji akipiga picha. Hapo ndipo watu wengi wanapoamua kwamba njia ilikuwa rahisi, na wanaandika hivyo, na wewe unasoma. Mtu wa kumuuliza ni yule aliyekwisha kurudi kwenye gari.

Sababu ni hii. Mimi nilianza mlimani kama mgumu, ndivyo tunavyowaita wapagazi huku, kisha nikawa mwongoza wageni, na sasa goti langu mwenyewe limenishusha kutoka kileleni mpaka mabondeni. Ukienda kileleni unapanda ukiwa na nguvu na unashuka ukiwa umechoka. Maporomoko yamegeuza hesabu hiyo. Maji yanaangukia chini, korongoni, kwa hiyo na wewe lazima uyafuate huko huko. Unateremka asubuhi ukiwa mzima, unacheka, unachuma na mapera kama yapo. Ukishalowa, ukishapigwa na baridi, watoto wameanza kuuliza chakula, ndipo kilima kinaanza. Ile safari ya kwenda ulikopeshwa, na mlima unadai siku hiyo hiyo.

Sasa Materuni yenyewe. Kijiji kiko Uru, kama kilomita 15 kutoka Moshi mjini, na barabara inapanda muda wote. Sehemu ya mwisho ni ya vumbi au tope kutegemea siku, na gari dogo la chini linaweza kukwaruza tumbo. Pale kijijini mnalipa kiingilio na kupewa kijana wa kuwaongoza. Mchukueni hata kama mumeo anajifanya mwenyeji. Kisha ni miguu: dakika 45 mpaka saa nzima kwenda, kwa mtu mwenye afya asiye na haraka. Njia inakata vihamba, yaani mashamba ya nyumbani ya Wachaga, migomba juu, mikahawa chini yake, magimbi kando ya maji, mara moja moja mbwa anayebweka kwa wajibu tu. Inapanda kidogo, inashuka kidogo, upande mmoja bonde liko wazi, na siku ikiwa safi Kibo, kilele cha Kilimanjaro, anachungulia. Mwishoni inazama korongoni, ubaridi unakupiga usoni kabla hujaona kitu, ngurumo inakua, unageuka kona na ukuta wa mwamba uko mbele yako, na maji yanashuka kutoka takribani mita 80. Weka ghorofa zaidi ya ishirini, moja juu ya nyingine. Mama yako akifika pale hatajuta.

Lakini ana goti, na goti ndilo swali lako hasa, hata kama uliliweka katikati ya sentensi.

Watu hudhani mwenye goti bovu huteswa na mlima wa kupanda. Kupanda kunadai pumzi na moyo. Goti linadhurika zaidi wakati wa kuteremka, kwa sababu kila hatua misuli ya paja inafanya kazi ya breki, na breki hiyo inakandamiza goti lililokunjwa huku uzito wote wa mwili ukiangukia mguu mmoja. Dar ni tambarare. Mama anayetoka Kariakoo na kikapu hajawahi kulipa goti lake mtihani huo, kwa hiyo kutembea kwake sokoni hakutuambii mengi.

Mpe mtihani huko nyumbani kabla hamjakata tiketi. Tafuteni jengo lenye ngazi, ghorofa nne. Apande na kushuka kwa mwendo wake, akishika ukuta akitaka, apumzike, kisha arudie. Usimuulize jioni hiyo anajisikiaje, maana jioni hiyo atakwambia yuko sawa, ni mama. Muulize kesho yake asubuhi anapotoka kitandani. Goti likiwa limevimba, au akiwa anashuka kitandani kwa kushika meza, Materuni iwe ya watoto na baba yao, na mama nina mahali pengine pa kumpeleka, nitakuja huko. Kama goti limelalamika kidogo tu na kutulia, twende.

Apate fimbo. Siyo ya mapambo. Akiwa amesimama wima na kuishika, kiwiko kiwe kimekunjwa kidogo tu, na aishike mkono wa kushoto, upande ulio mzima, kwa kuwa goti bovu ni la kulia. Wengi hushika upande wa maumivu, wakawa wanaegemea kule kule kunakouma. Kwenye kupanda, mguu wa kushoto utangulie, wa kulia ufuate. Kwenye kushuka ageuze: fimbo kwanza, mguu wa kulia, kisha wa kushoto. Mfundishe kwenye zile ngazi za mtihani mpaka mwili ukariri, maana korongoni hakuna anayekumbuka somo. Na pale njia inapozama, kijana wa kuongoza atembee mbele yake hatua moja chini, bega lake liwe karibu na mkono wa mama. Asimvute mkono kutoka juu. Kumvuta mzee mkono kwenye mteremko ndiyo njia ya haraka ya kuwaangusha wote wawili.

Kuna jambo nililojifunza kwa wazee wa huku ambalo halipo kwenye ramani. Mtaona mifereji midogo ya maji imekata kando ya vilima. Sisi tunaiita mifongo, na Wachaga wameichimba kwa karne nyingi kupeleka maji ya mlimani kwenye vihamba. Maji hayapandi kilima. Kwa hiyo njia ya miguu inayoandamana na mfongo haina budi kuwa karibu tambarare, inazunguka kilima badala ya kukivuka. Mkiwa na nafasi ya kuchagua kati ya njia ya mkato na ile inayofuata mfongo, mkato waachieni vijana. Mama aende na maji. Angalieni tu kingo zake, zinabomoka.

Viatu. Udongo wa hapa ni wa volkano, mwekundu, mzuri sana kwa ndizi na mbaya sana kwa mtu mzima aliyevaa kiatu cha soli laini. Ukikauka ni vumbi, ukilowa ni sabuni. Desemba mvua za vuli huwa bado hazijaaga, zinaweza kunyesha usiku mkaamka jua linawaka, na njia bado inateleza mpaka mchana kwa kuwa migomba inaifunika. Mama avae kiatu cha kufunga kamba chenye meno chini, hata kama ni cha mtumba cha Memorial, soko la mitumba mjini Moshi; huko mtapata kizuri. Watoto vivyo hivyo. Zile raba mtoni ziacheni mjini, mtoni hazifai, jina tu. Mwenye kutaka kukanyaga maji abebe sandozi za kubadilisha kule chini, asitembee nazo njiani.

Sasa mahali pengine nilipokuahidi. Panda Marangu. Kutoka Moshi mnakwenda mpaka Himo, mnakata kushoto, mnapanda mpaka Marangu Mtoni, kama kilomita 40 hivi kwa jumla na lami nzuri. Maporomoko ya Kinukamori yako karibu kabisa na hapo, gari linafika jirani, na kuteremka ni ngazi chache. Si marefu, ukiyalinganisha na Materuni ni mtoto. Lakini mama ataketi, atasikia maji, na atasimuliwa habari za Makinuka, binti aliyeshika mimba kabla ya kuolewa, akaja kujitupa, akaghairi kwenye ukingo, na alipogeuka arudi nyumbani akakutana uso kwa uso na chui. Masimulizi yana matoleo mengi na kila msimuliaji ana chui wake. Mama yangu alipokuwa akiisimulia hakumlaumu binti hata mara moja, aliwalaumu waliomfanya aogope kurudi nyumbani. Marangu hapo hapo kuna na Kilasiya, lakini hayo yako ndani ya korongo refu lenye mteremko mkali, mama asidanganywe kwamba "kwa kuwa tumeshafika".

Kama mtapitia Arusha, vijana watawatajia Napuru, kwenye miteremko ya Meru. Pazuri, ila mwishoni mnatembea ndani ya mto wenyewe, mawe na maji mpaka magotini. Kwa goti la mama, hapana. Ndani ya Hifadhi ya Arusha kuna Tululusia, na huko mnatembea na askari mwenye bunduki kwa sababu nyati wanaishi mle. Watoto watafurahi sana na mama atasali njia nzima. Mzalendo analipa kidogo kuliko mgeni, bebeni vitambulisho.

Nirudi Materuni, kwenye jambo ambalo lingenifanya niandike hata kama usingeuliza. Saa.

Mlima huu una tabia. Asubuhi huwa wazi, kisha jua likishapasha miteremko, hewa yenye unyevu inapanda, na kuanzia mchana wingu linakaa juu ya msitu. Mvua inaweza kunyesha kule juu, kwa saa nzima, wewe korongoni uko kwenye jua na huna habari. Maji yake yatakuja. Mto wa mlimani hauhitaji mvua ikunyeshee wewe ndipo ujae.

Mwaka mmoja, mwezi wa Novemba, nilipeleka familia moja bondeni kwa kuchelewa. Kosa lilikuwa langu; nilisubiri mwenzangu mjini, tukafika kwenye maji saa nane mchana. Niliona wingu juu ya msitu nikajiambia tutakuwa tumeondoka. Watoto walikuwa wanarusha vijiwe. Kitu cha kwanza nilichoona ni majani mabichi yakielea, si yale makavu ya kila siku, mabichi, na vijiti vilivyovunjika vikiwa bado na gome. Nikatazama maji. Yalikuwa meupe safi tulipofika, sasa yalikuwa yanageuka rangi ya chai ya maziwa, kuanzia katikati. Halafu sauti. Ngurumo ya maporomoko ukishaizoea huisikii tena. Niliisikia, ilikuwa imeshuka, imekuwa nzito. Nilipogeuka kutafuta lile jiwe tulilovukia, halikuwepo. Tulishikana mikono, watu wazima upande wa juu wa mto, mtoto mdogo nikamweka mgongoni, tukavuka maji yakiwa juu ya magoti. Dakika kumi baadaye pasingevukika. Hakuna aliyeumia, baba wa familia alinishukuru, na mimi usiku ule sikulala.

Tangu hapo nina desturi. Nikifika natafuta jiwe lenye rangi, nalilaza pale maji yanapogusa ukingo, na kila baada ya muda natupia jicho. Likianza kufunikwa, hatujadili. Wewe mpe mwanao wa miaka 10 kazi hiyo, awe mlinzi wa jiwe. Watoto wa umri huo huichukua kwa uzito kuliko sisi, na atakuwa na sababu ya kutotangatanga.

Kwa hiyo muwe kijijini saa mbili asubuhi, mkizidisha sana saa tatu. Mteremke taratibu, mkae chini nusu saa au zaidi kidogo, na saa sita muwe mmeshaanza kurudi. Mama mpe saa moja na nusu ya kupanda, na vituo vingi. Asisubiri kuchoka ndipo aketi. Kama imenyesha usiku kucha, ahirisheni siku moja. Kama kijana wa pale akisema leo hapana, msimwongezee hela.

Kuogelea. Hapa nitakuwa mkali kidogo, mnisamehe. Chini ya maporomoko kuna bwawa, na picha za watu wakiogelea mmeziona. Maji yale ni ya mlimani na korongo halipati jua muda mrefu. Mtu wa Dar aliyezoea Coco Beach akijitupa ghafla, mwili unavuta pumzi kubwa bila kumuuliza; kama mdomo uko chini ya maji wakati huo, anavuta maji. Kwa dakika moja hivi pumzi haishikiki, na moyo unakimbia. Mama, kama ana presha hata kidogo, asiingie zaidi ya vifundo vya miguu. Anayetaka kuingia aingie kwa kutembea, anyunyize uso na kifua kwanza, asubiri pumzi itulie, na akae upande ambao maji yanatoka bwawani yakiwa yametulia.

Pale maji yanapoangukia, kwenye povu jeupe, asiende mtu. Povu ni maji yaliyojaa hewa, hayabebi mwili kama maji ya kawaida, hata mwogeleaji mzuri anazama kuliko alivyotegemea, na mkondo wa chini unaweza kumrudisha pale pale anapotoka. Tena kinachoshuka kutoka juu si maji peke yake. Mita 80 juu kuna mawe na magogo, na havipigi hodi. Huyu wa miaka 6 acheze ukingoni, maji yasimzidi magoti, na mkono wake uwe ndani ya mkono wa mtu mzima mmoja aliyepangiwa kazi hiyo kwa jina. Kazi ya "wote tunamwangalia" haina mwenyewe.

Hapo hapo nikupe zawadi ndogo, kwa kuwa nimekutisha. Desemba jua la adhuhuri liko upande wa kusini kwetu, na makorongo ya upande huu wa mlima yanafunguka kuelekea kusini, kwa hiyo mwanga unaingia vizuri kuliko Juni, ambapo jua linakaa kaskazini, nyuma ya mlima. Mama asimame jua likiwa mgongoni, uso kwenye rasharasha. Asitafute upinde wa mvua juu angani. Jua likiwa juu sana upinde unashuka, autafute chini, karibu na mawe na bwawa. Nimeona watu wanaondoka wakilalamika hawakuuona, na ulikuwa miguuni mwao.

Sasa swali la mwanao, ambalo ndilo nililolipenda kuliko yote. Mwambie babu wa Moshi anasema: hapana, yasingekauka kwa sababu ya barafu. Barafu ya Kibo imepungua sana kweli. Zaidi ya asilimia 80 ya ile iliyokuwepo mwaka 1912 haipo tena. Mimi mwenyewe nimeona sehemu tulizokuwa tukipita kando ya barafu zikibaki kokoto. Lakini maji ya mito yetu sehemu ndogo mno ndiyo yanatoka huko. Yanatoka msituni. Upande wa kusini wa mlima ndio unaopokea mvua nyingi, na mvua hiyo inanyesha zaidi kwenye ukanda wa msitu, si kileleni. Kileleni ni jangwa la baridi.

Msitu una kazi nyingine ambayo mtoto anaweza kuiona kwa macho. Asubuhi yenye ukungu mpeleke karibu na mti wenye ndevu za kijani, zile zinazoning'inia kwenye matawi. Azikamue kwa vidole. Atapata maji siku ambayo mvua haikunyesha. Ukungu unapita, miti inaukamata, matone yanadondoka, udongo unanyonya na kuachia kidogo kidogo, ndiyo maana mto unatiririka hata Februari wakati mjini vumbi limejaa kwenye sufuria. Kwa hiyo akitaka kuyaogopea maporomoko, aogope shoka na moto kule juu, barafu ailie kwa uzuri wake tu. Mwaka 2005 mpaka wa hifadhi ya taifa ulipanuliwa kuuingiza msitu, na wazee wengine hapa walinung'unika kwa habari ya kuni na majani ya ng'ombe. Manung'uniko yao nayaelewa, nami nina ng'ombe. Lakini kwa habari ya maji, siwezi kusema ule uamuzi ulikosewa.

Na kwa nini maji yanaanguka mahali pale na si pengine? Akiuliza, maana ataulizia, mwonyeshe ukuta. Mlima huu ulijengwa na volkano kwa matabaka, lava ngumu, kisha majivu laini, kisha lava tena. Mto unakula kilicho laini haraka na kushindwa na kilicho kigumu. Ukingo wa juu pale ni ule mgumu, chini yake panaliwa, mpaka siku kipande cha juu kinakosa pa kuegemea kinaporomoka. Yale mawe makubwa atakayokaa kula biskuti yalikuwa juu.

Baada ya hapo mtakaribishwa kahawa, na ninawashauri mkubali, maana ndipo mama atakapopumzisha mguu kwa heshima bila kuonekana amechoka. Wanakaanga buni kwenye chungu, wanatwanga kwenye kinu kwa nyimbo, kila mtu anapewa mchi. Kahawa ililetwa mlimani na wamisionari mwishoni mwa karne ya 19, ikasomesha watoto wengi wa huku, mkweo akiwemo pengine. Ongezeni ndizi nyama au mtori. Mbege iwe ya watu wazima wasioendesha gari, na iwe ya baada ya kutoka bondeni.

Desemba Moshi inajaa. Wachaga wote waliotawanyika wanarudi siku zile zile, na kila mmoja ana gari na shemeji wa kumwonyesha maporomoko. Tarehe 24 mpaka 26 njia itakuwa na foleni kama Kariakoo, na kwenye njia nyembamba foleni humsukuma mzee atembee kwa mwendo wa watu wengine. Nendeni tarehe 20 au 21 kama mtakuwa mmefika, au msubiri tarehe 28.

Jambo la mwisho, mwekeni wazi tangu nyumbani. Kuna mahali kabla njia haijazama, bonde likiwa bado wazi, ambapo ngurumo inasikika. Mama akifika pale akasema "mimi hapa pananitosha", pawe panamtosha kweli. Asibembelezwe. Mumeo abaki naye, flaski ya chai ibaki, kanga moja ya kukalia na moja ya kujifunika, wewe na watoto na kijana wa kuongoza mteremke mrudi. Mkirudi mtamkuta ameshapata rafiki, yule bibi wa majani ya ng'ombe, wanazungumza habari za magoti.